Amana za Chama na Faili Iliyofutwa

Chama chetu cha akina mama hapa Pumwani kimekuwa kikiweka hesabu zake katika kompyuta: michango ya kila Ijumaa, mikopo isiyo na riba, na amana za wajane wawili wasio na akiba nyingine popote. Mwezi wa Rajabu uliopita fundi mmoja alikuja kupunguza mzigo wa diski, akafuta faili kubwa asiyoijua kazi yake. Programu ikagoma kufunguka, na nakala ya akiba haikuwapo.

Baadhi yetu walishauri tusameheane, tuanze upya. Ni neno jema kwa mwenye kudai kidogo. Lakini amana ya mjane, nani wa kuisamehe isipokuwa mwenyewe? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni.

Tukamwita binti wa jirani, mwanafunzi wa kompyuta. Kwanza alizima mashine na kunakili diski nzima, kwani kilichofutwa huweza kubaki ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Faili yenyewe hakuipata. Hapo ndipo alipotueleza jambo lililotutuliza nyoyo. Programu ile, MySQL, katika matoleo ya kabla ya 8, huweka orodha ya majedwali katika faili iitwayo ibdata1, ilhali yaliyomo katika kila jedwali huweza kukaa katika faili yake pekee. Zilipotea funguo, vyumba vilikuwa bado vimejaa. Akaunda majedwali matupu kwenye kompyuta nyingine, yenye safu zile zile kwa mpangilio ule ule, kisha akaziingiza faili za kale ndani yake, moja baada ya moja.

Amana za wajane zilirejea kamili. Jedwali la mikopo likakataa katakata.

Hilo tulilijenga wenyewe kwa Jumamosi tatu, simu mikononi, tukisoma ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja. Mwenzetu mmoja alishikilia kuwa angali na deni la shilingi 3,500. Simu ya mweka hazina ikaonyesha amekwishalipa, naye akataka asomewe mara mbili. Mikopo miwili haikupata ujumbe wala shahidi. Wenye nayo waliandika kiasi kwa mikono yao, nasi tukakipokea.