Eti ni ugonjwa wa wanawake

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimehama gazeti au nimeoa. Hakuna hata kimoja. Kuna jambo nimekuwa nikianza kuliandika na kuliacha tangu 2024, na leo nimeamua nilimalize, hata kama halitakaa sawa.

Aprili 2024 mjomba wangu alinipigia simu kutoka Morogoro. Ilikuwa Jumatatu usiku, niko kwenye daladala nimening'inia mlangoni, simu nimeibana kwa bega.

"Mjomba, wewe si mwandishi wa habari? Hebu niambie ukweli. Hawa wanaokuja shuleni kuwachanja mabinti, ni kweli wanawafunga kizazi?"

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kampeni ya kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Binti aliyekuwa anaulizwa ni mdogo wangu, mtoto wa marehemu mama mdogo. Hapa nitamwita Asha, ingawa si jina lake. Alikuwa na miaka 11 na anaishi kwa bibi.

Nikamjibu mjomba kama tunavyojibu sisi watu wa habari: "Subiri kwanza mjomba, ngoja nifuatilie." Nikakata simu. Jumanne nilikuwa na stori ya maji. Jumatano nilikuwa mahakamani. Sikufuatilia chochote.

Kinachoniuma ni hiki: mama yake Asha alikufa kwa ugonjwa huohuo.

Mama mdogo alifariki 2019 akiwa na miaka 43. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Kwa karibu mwaka mzima damu ilikuwa inamtoka hata siku zisizo zake. Alipokwenda kutibiwa karibu na nyumbani aliambiwa ni UTI, akapewa vidonge. Vikaisha, akapewa vingine. Jirani akamwambia ni mchango, akaletewa mizizi achemshe. Alipofika Dar na tukampeleka Ocean Road, ugonjwa ulikuwa umeshatembea mwilini. Daktari alituongelesha kwa upole kabisa, lakini neno lililobaki kichwani mwangu ni moja: mmechelewa.

Kwenye msiba nilisikia minong'ono upande wa jikoni. "Ugonjwa ule hauji hivihivi. Alikuwa hajatulia yule." Baba mdogo, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amekaa mkekani na wanaume wenzake akipewa pole. Yeye hakunong'onwa na mtu. Usiku ule mama aliniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Hivi ugonjwa huu unatokana na nini hasa?" Nikajibu, "Ni magonjwa ya wanawake tu, mama."

Msomi ndiyo hivyo alivyojibu!

Baadaye nikaajiriwa, na nikaandika habari kuhusu saratani hiyo si chini ya mara tatu. Vichwa vyake mnavijua: "Wanawake watakiwa kujitokeza kupima." Nilikuwa nakwenda kwenye semina, namsikiliza mgeni rasmi, nachukua karatasi ya hotuba, narudi deski. Sikuwahi kujiuliza kirusi kinamfikiaje huyo mwanamke anayetakiwa kujitokeza.

Basi Alhamisi mjomba akapiga tena. "Mjomba, vipi? Bibi yako amemzuia mtoto nyumbani siku ya tatu leo. Kesho ndiyo wanamaliza pale shuleni." Nikaona aibu. Nikabaki ofisini usiku ule, nikafungua kompyuta, nikaanza kusoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Nilichokikuta kinaanza mbali. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Rigoni-Stern, alipekua kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona. Akaona kwamba saratani ya kizazi ilikuwa inawapata wanawake walioolewa, lakini kwa watawa ilikuwa nadra sana. Kwa hiyo ilionekana kuna kitu kinachohusiana na tendo la ndoa. Ukweli huo ulikuwa nusu tu, na nadhani nusu hiyo ndiyo niliyoisikia jikoni msibani, kwamba mwanamke kaugua kwa sababu ya tabia yake.

Wanasayansi walihangaika zaidi ya karne kutafuta hicho kitu. Hadi miaka ya 1970 wengi waliamini ni kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Mjerumani mmoja, Harald zur Hausen, akawa anabisha. Yeye alishuku virusi vya papiloma, jamaa za wale wanaosababisha chunjua. Mwaka 1983 kundi lake likatangaza kukipata HPV aina ya 16 kwenye uvimbe wa saratani, na 1984 wakaipata aina ya 18. Aina hizo mbili peke yake ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel.

Seli za mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, zilikutwa pia na aina hiyo ya 18. Mama huyu alikufa kwa saratani hiyo mwaka 1951 huko Baltimore akiwa na miaka 31. Seli zake zilichukuliwa bila ridhaa yake na mpaka leo zinaishi kwenye maabara za dunia. Nilisimama hapo kidogo, nikamkumbuka mama mdogo.

Halafu nikafika kwenye ile nusu ya pili. Mwaka 1996 watafiti walichapisha kazi waliyofanya Uhispania, ambako waliwachunguza waume pia. Walikuta kwamba hatari ya mke kupata saratani inapanda kadiri mume alivyokuwa na wapenzi wengi. Mwanamke anaweza kuwa na mwanaume mmoja tu maisha yake yote na bado akaugua. Karibu na kwetu zaidi, Rakai nchini Uganda, utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa wanaume waliotahiriwa walipungukiwa maambukizi ya aina hatari za HPV kwa takriban theluthi moja. Maana yake ni kwamba mwanaume anakibeba na kukisambaza, na kwa kawaida hajisikii chochote.

Simtuhumu baba mdogo. Kirusi hiki hakiachi risiti. Watu wengi wanaofanya mapenzi hukipata wakati fulani, na mara nyingi kinga ya mwili hukiondoa ndani ya miaka miwili. Kwa wachache kinabaki, na kutoka hapo mpaka saratani hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20, au miaka michache zaidi ya mitano kwa mwenye VVU asiyepata dawa. Hakuna anayeweza kujua nani alimpa nani. Ila minong'ono ilikuwa imeshachagua mtu wa kumlaumu, naye hakuwepo kujitetea.

Hebu fikirieni hiyo miaka 15. Ni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza kidato cha pili. Katika muda wote huo mabadiliko kwenye mlango wa kizazi yanaweza kuonekana. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa, anasubiri kama dakika moja, na sehemu yenye matatizo inageuka nyeupe. Mara nyingi inaweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo na mama akarudi nyumbani. Siku hizi kuna pia kipimo cha vinasaba vya kirusi chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Mama mdogo alikuwa na miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwambia. Tanzania inakadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Mimi mmoja wao namjua kwa jina.

Lililobaki lilikuwa swali la mjomba. Chanjo inafunga kizazi? Chanjo hii imetengenezwa kwa protini ya ganda la nje la kirusi. Ndani ya ganda hamna kitu, hakuna vinasaba, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Imetumika duniani tangu 2006, na tafiti zilizofuatilia suala la uzazi hazikukuta kwamba inazuia kuzaa. Kinachomaliza kizazi ni saratani yenyewe.

Na kwa nini sindano moja, wakati chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima 2018 zilikuwa mbili? Hapo ndipo niliposhangaa. Nilidhani jibu litatoka Ulaya. Sehemu kubwa ya jibu imetoka Mwanza! Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia kwenye utafiti kule, wakagawanywa wapewe dozi moja, mbili au tatu, na damu zao zikalinganishwa. Nchini Kenya wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti mwingine. Matokeo yake yalitoka 2022: baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia maambukizi mapya ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja inaweza kutosha. Mabinti wa kwetu ndio waliotoa mkono wao ili dunia ijue, na mimi mwandishi wa kwetu nilikuwa sina habari.

Ijumaa asubuhi nikampigia mjomba. "Apelekwe leo leo. Mwambie bibi nimesema mimi, na mama yake angekuwepo angempeleka." Akamchukua Asha kwa bodaboda. Walifika wahudumu wanafunga maboksi. Mchana nikapata ujumbe: "Kachomwa. Kalia kidogo, nimekanunulia soda."

Jioni bibi mwenyewe akaomba simu. Hakunipongeza. Aliniuliza, "Sasa haya ulikuwa unayajua tangu Jumatatu?" Nikamwambia hapana bibi. Akasema, "Na kazi yako si kujua?"

Nilimweleza mchumba wangu yote haya. Mwaka 2018, chanjo ilipoanza kwa wasichana wa miaka 14, yeye alikuwa ameshavuka umri huo. Kwake kilichobaki ni kupima atakapofika miaka 30. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza, nimewahi kuwa na wapenzi wangapi kabla yake. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na wewe unapima lini?"

Nikakosa la kusema. Kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kama kilichopo kwa wanawake. Kondomu inapunguza hatari lakini haiimalizi, kwa sababu kirusi kinapita kwa kugusana ngozi. Kwa hiyo cha kwangu ni kumsindikiza siku ya kupima, nauli niwe nayo, na nikizaa binti nisisubiri mpaka siku ya mwisho.

Wiki ile nilimpelekea mhariri stori kuhusu wanaume na kirusi hiki. Siku ya pili ikatoka ukurasa wa ndani, aya nane, kichwa kikisomeka: "Wasichana wahimizwa kuchanjwa." Wanaume walikuwa wamekatwa wote.

Ndiyo maana nimeiandika hapa. Wanaume wenzangu mnaosoma, niambieni ukweli: kuna aliyewahi kuulizwa na mama yake, dada yake au mkewe ugonjwa huu unatokana na nini? Mlimjibu nini?