Kitendawili cha Elgar

Mimi na marafiki zangu hutegeana vitendawili vya muziki wa akina Bach na Beethoven kwenye simu. Anayeshindwa hutoa mji, kisha hutaniwa wiki nzima.

Juzi nikatega: mtunzi gani aliandika barua isiyosomeka hadi leo? Ni Edward Elgar wa Uingereza, mwaka 1897. Alama 87, mistari 3. Aliyeandikiwa, Dora Penny, alisema hakuelewa kitu.

Jamaa mmoja akajigamba programu yake itaitegua kabla chai haijapoa. Wapi! Maandishi mafupi hivyo hukubali majibu mengi, na tarakilishi haijui lipi ndilo. Utani wa marafiki wawili hauna kamusi. Elgar alifariki mwaka 1934 na jibu lake.

Haya, ukitegua, mji wako!