Nani Asome Mswada Wangu?

Usiniulize kompyuta nimesomea wapi. Nimemaliza kidato cha nne, nahangaika na riwaya yangu, na katika kikundi chetu cha waandishi hapa Sinza mimi ndiye niliyeangukiwa na kazi ya kutunza seva. Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu ya mezani, ina Linux na programu iitwayo vsftpd. Kazi yake ni moja: kila mtu atume mswada wake akiwa kwao, usije ukapotea siku simu ikiibwa.

FTP ni mambo ya kizamani. Abhay Bhushan wa MIT aliandika kanuni zake za kwanza mwaka 1971, enzi ambazo watu wa kwenye mtandao walikuwa wachache. Ukiiacha hivyo hivyo, neno la siri linasafiri wazi kama maandishi ya postikadi. Basi nikawasha ssl_enable, ili kinachopita njiani kieleweke na mashine mbili zinazozungumza tu. Wageni wasio na jina nikawafungia: anonymous_enable=NO. Hayo hayakuzua maneno.

Maneno yalianza kwenye local_umask. Tarakimu tatu tu, lakini ndizo zinazoamua ukishatuma faili nani mwingine alisome. Ukiweka 022, wenzako wanasoma ila hawabadili kitu. Ukiweka 077, ni wewe peke yako. Mshikaji mmoja akaja juu: "Sasa kikundi cha nini kama tunafichana?" Ana hoja, sio siri. Lakini dada mmoja, mshairi, alikuwa anaandika habari za baba yake, ambaye yu hai na anakaa mtaa wa pili. Nikaweka 077. Nikaongeza chroot_local_user, ili mtu akiingia asione zaidi ya chumba chake. Hapo vsftpd ikagoma: haitaki kumfungia mtu katika folda ambayo yeye mwenyewe ana ruhusa ya kuiandikia. Nikaiondoa ruhusa hiyo pale mlangoni, nikamjengea kila mmoja folda nyingine ya ndani. Anayetaka kusomwa aje na karatasi Jumamosi, tutamsikiliza, na chai ipo.

Ya mgawo hayakunichosha. Watu sita kwa wakati mmoja, kila mmoja baiti 50,000 kwa sekunde, maana kuna jamaa alikuwa anapandisha video za muziki huku miswada ya wenzake inasubiri kama abiria wa Mbagala. Ukikaa kimya sekunde 300, unashushwa.

Yule dada akaniuliza, "Na wewe je?"

Kwani ningemdanganya? Nikamwambia mwenye akaunti ya root anafungua vyumba vyote, na hakuna mstari kwenye mipangilio ya vsftpd unaomzuia. Hiyo 077 haimhusu. Njia ni kuufunga mswada kwa neno la siri huko huko nyumbani, kabla haujatumwa.

Akaniangalia kitambo. "Nifundishe."

Nikamfundisha. Alipofika mahali pa kuandika neno lenyewe, nikageukia ukutani.

Siku hizi naliona jina la faili lake na ukubwa wake, basi. Jumatatu lilikuwa kilobaiti 41. Jana limefika 58.