Ng'ombe Akitokwa na Udenda, Mwambie Jirani

Yako maradhi ambayo yakitajwa tu, mfugaji hushika kichwa. Sotoka ilikuwa mojawapo. Ilifagia makundi ya ng'ombe Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na hofu yake ilikuwa kubwa hata mataifa yakashirikiana kuipiga vita, na mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba imetokomezwa duniani. Lakini yako maradhi mengine yasiyoogopwa, kwa sababu tu ng'ombe mkubwa akiugua aghalabu hupona. Ugonjwa wa miguu na midomo ni wa namna hiyo. Wengi huuona kama mafua, kwamba huja na kupita. Ndiyo maana umedumu miongoni mwetu.

Yamkini msomaji atauliza, habari za ng'ombe zinamhusu nini mtu wa mjini anayepanda daladala alfajiri kwenda kazini? Zinamhusu sana. Pembezoni mwa Dar es Salaam, kama ilivyo katika miji yetu mingi, ziko familia zinazofuga ng'ombe mmoja, wawili au watatu uani, na maziwa yale ndiyo ada ya shule na ndiyo chai ya majirani. Shangazi yangu ni mmoja wa wafugaji hao. Mumewe alipostaafu walinunua mtamba mmoja chotara, na baadaye banda lao likawa na majike watatu. Yaliyompata nayaeleza hapa kwa idhini yake.

Asubuhi moja, jike lake bora lilikataa majani. Lilisimama limeinamisha kichwa, likitafunatafuna ilhali kinywani hamna kitu, na udenda mzito ukilitoka kama kamba hadi chini. Mwili ulikuwa wa moto. Siku ya pili lilianza kuchechemea na kuukung'uta mguu kana kwamba limekanyaga kaa. Maziwa, yaliyokuwa lita 12 kwa siku, yalishuka hadi lita 3. Shangazi alipolifungua kinywa aliona malengelenge juu ya ulimi na kwenye fizi. Baadhi yalikwisha pasuka na kuacha vidonda vyekundu. Yalikuwapo pia katikati ya kwato na kwenye chuchu.

Hizo ndizo dalili, nami nawasihi wasomaji wazikariri: homa, udenda, kuchechemea, malengelenge ya kinywani, kwatoni na chuchuni, na maziwa kupungua ghafla. Tangu mnyama aambukizwe hadi dalili zionekane, aghalabu hupita siku 2 hadi 14, naye huweza kuanza kuwaambukiza wenziwe hata kabla hazijaonekana.

Jioni ya siku ile ya pili alibisha hodi dalali. Habari ya ng'ombe mgonjwa huwafikia madalali kabla haijamfikia Bwana Mifugo.

"Mama, niuzie usiku huu huu," alisema. "Kesho yuko mnadani, na hapana atakayejua katoka wapi."

Fedha aliyotaja haikufika hata nusu ya thamani ya ng'ombe yule, lakini ilikuwa taslimu, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile. Shangazi alinipigia simu. Nilidhani anataka shauri, kumbe alikwisha kata shauri mwenyewe.

"Mwanangu," aliniambia, "nikimuuza huyu nitakuwa nimemuuzia mwenzangu msiba. Lango nimelifunga. Nitafutie Bwana Mifugo."

Bwana Mifugo alifika kesho yake, akachukua vipimo, kisha akauliza ni nani huingia bandani. Ndipo ilipofahamika kwamba kijana anayemkamulia shangazi huwakamulia watu wengine mtaani, kwa viatu vile vile na ndoo ile ile. Nyumba ya tatu kutoka pale, ng'ombe alikuwa mgonjwa tangu wiki iliyotangulia. Mwenye nyumba alinyamaza kwa kuchelea kuwapoteza wateja wake wa maziwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ugonjwa huu, anayemuumbua mfichaji ni ng'ombe wa jirani.

Kiini cha ugonjwa ni kirusi, kidogo mno hata wanasayansi wa Kijerumani Friedrich Loeffler na Paul Frosch, waliokichunguza mwishoni mwa miaka ya 1890, walikuta kinapenya katika vichujio vinavyozuia bakteria. Kirusi hicho husafiri kwa udenda, pumzi, maziwa na kinyesi. Husafiri pia kwa viatu, nguo, ndoo na magurudumu ya malori, na pengine hata kwa upepo. Ng'ombe aliyepona huweza kubaki nacho kooni kwa muda mrefu, na nyati wa porini hukihifadhi kwa miaka. Ziko aina 7 za kirusi hicho, na chanjo ya aina moja haimkingi mnyama na aina nyingine. Kinga yenyewe hudumu kiasi cha miezi 6 tu. Kwa hiyo chanjo hutolewa kwa kurudia, na baada ya wataalamu kujua ni aina gani imeingia. Dawa ya kukiua kirusi ndani ya mnyama haipo. Kinachotibiwa ni vidonda, ili visiingiwe na usaha.

Shangazi alielekezwa kumtenga mgonjwa, kumpa majani laini na maji ya kutosha, na kumkamua baada ya wazima. Mlangoni aliweka beseni la maji yenye soda ya kufulia, gramu 40 kwa kila lita, na kila aliyeingia au kutoka alikanyaga humo. Hakuna mnyama aliyetoka wala kuingia. Hata hivyo, ndama wa wiki tatu, aliyekuwa akicheza asubuhi, alianguka mchana akafa. Kwa ndama kirusi huweza kushambulia misuli ya moyo. Wanaosema ugonjwa huu hauui wangepaswa kumwona shangazi siku ile, ameketi juu ya ndoo tupu, hasemi neno.

Wateja nao walitoweka. Wengine walivumisha kwamba watoto watapata malengelenge. Huo ni uzushi. Ugonjwa huu si ule wa malengelenge ya mikono, miguu na mdomo unaowapata watoto wadogo, na kwa kawaida hauwadhuru binadamu. Lakini maziwa ya mgonjwa hayauzwi, na ya yeyote huchemshwa. Mama mmoja wa mtaani, mshona nguo, alifika na fedha ya maziwa ya mwezi ujao. "Utanilipa ng'ombe akipona," alisema. Kwa fedha ile mjukuu alikwenda shule.

Huenda wengine wakadhani kuficha ni tabia ya maskini peke yao. Mwaka 2001 ugonjwa huu uliingia Uingereza, nchi yenye madaktari wa mifugo tele. Mfugaji mmoja wa nguruwe alipatikana na hatia mahakamani kwa kutotoa taarifa. Hadi ugonjwa ulipokomeshwa, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wamechinjwa, na hata njia za mashambani zilifungwa wananchi wasipite. Ukimya wa siku chache huweza kuwa na gharama ya namna hiyo.

Hapa kwetu sheria inamtaka mfugaji atoe taarifa aonapo dalili za ugonjwa huu. Lakini sheria peke yake haifungui kinywa cha mtu anayeogopa njaa. Iwapo anayesema kweli hukimbiwa, na anayenyamaza huendelea kuuza maziwa yake, basi sisi wanunuzi ndio tunaowafundisha wafugaji kuficha. Msomaji ambaye hana hata kuku anaweza kutenda jambo moja: muuza maziwa wake akimwambia, "Leo sina, ng'ombe wangu anaumwa," asimwendee mwingine kwa kejeli. Amshukuru, na akiweza, amwekee nafasi yake hadi ng'ombe apone.