Siku ya Posho, Tutaenda Kuseka Wapi?

Sisi watu wa Likasi tunaita siku kabla ya yenga «siku ya posho». Vijana wengi wanasema jina hilo bila kujua linatoka wapi. Linatoka katika kambi za Union Minière: ndiyo siku watumishi walipopokea posho yao, unga na vyakula vingine vya juma. Mapipa yakishajaa, watu walitafuta furaha. Basi kuchagua mahali pa kwenda kucheka jioni hiyo ni desturi ya muji wetu, ijapokuwa haijulikani kwa mufalme wala kwa mizimu.

Wazee walikuwa na pa kuchagua. Hapahapa, wakati muji ungali unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alirekodi gita ya Mwenda Jean Bosco mwaka 1952. Kule Élisabethville kulikuwa Jecoke, kundi la waimbaji na wachekeshaji, ambamo Edouard Masengo alipita. Kiisha likaja kundi la Mufwankolo, na hapo hata mutu asiyetoka nyumbani alipata sehemu yake, kwa radio na baadaye kwa televizyo.

Ndugu musomaji, tukae kidogo kwa Mufwankolo. Michezo ile ilikuwa kwa Kiswahili chetu, kile cha sokoni na cha jikoni. Haikuandikwa: walipatana tu juu ya habari yenyewe, kila mumoja akajua kazi yake, maneno mengine yakatoka palepale. Mwaka 1986 walichukua musemo mumoja juu ya kula mamlaka, wakaufanya muchezo muzima, «Le pouvoir se mange entier», wakauchezea katika kijiji cha Kawama karibu na Lubumbashi. Mutaalamu Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu ya kazi ile, kilichotoka mwaka 1990. Lakini sisi tuliowatazama tukikaa chini, magoti mbele ya televizyo ya jirani, tulishika jambo lingine: hakuna aliyechekwa bila kujibu. Mulevi akitukana bibi yake, bibi anamurudishia mara mbili. Chefu akijivuna, mukulima anamuuliza swali, na chefu anakosa neno.

Leo habari imegeuka. Gécamines ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 maelfu ya watumishi waliondoka kwa ile «départ volontaire». Furaha ambayo kampuni ilisaidia, sasa inatoka katika mufuko wa kila mutu. Na mufuko wa mwalimu, hatuhitaji kuueleza. Siku ya posho unaweza kwenda kunywa Simba baridi, kusikiliza karindula, kwenda konseri ya kwaya (na usidhani huko hawacheki!), ao kulipa kiingilio kwa kijana mumoja anayesimama peke yake na mikrofoni.

Huyo wa mikrofoni ndiye aliyetuletea mabishano sisi walimu. Tulikwenda kumuona, watu saba, katika baa moja ya Kikula. Kijana ana akili, hatusemi hapana. Alipoigiza polisi wa barabarani, tulilia kwa kucheka. Kiisha akaanza kusema Kiswahili kwa namna ya watu wa Kasai, na kila mara mutu wake wa Kasai alikuwa muroho wa feza. Watu wakapiga meza. Mwenzetu wa hesabu, ambaye wazazi wake walitoka Mbujimayi na yeye alizaliwa hapa, alitazama chupa yake mupaka mwisho.

Mumoja kati yetu alisema: «Ni utani tu, yaya, tuko tunachekana siku zote.» Ni kweli, utani tunao. Katika chumba cha walimu huyo wa hesabu anatuita wavivu wa Katanga, nasi tunamuita jina lake analolijua, na kahawa inanywewa. Lakini pale anajibu. Katika baa, mikrofoni ilikuwa moja.

Tena hapa ni Likasi. Mwaka 1992 sisi tulikuwa watoto, tuliona madawati yakibaki matupu darasani. Watu wa Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, maelfu wakalala penye kituo cha treni, na mvua, na magonjwa, wakingoja gari la moshi. Wengine walikufa palepale. Kabla ya mawe kulikuwa maneno, na maneno mengine yalikuwa ya kuchekesha.

Mama mumoja, mwalimu wa Kiswahili, ndiye aliyekata shauri bila hotuba: «Kule beko banaseka bantu, habaseki na bantu.» Hatukumukataza yule kijana kazi yake, alikuwa na robo saa mbaya na saa nzima nzuri. Lakini mwezi uliofuata tulichagua kiwanja kimoja cha Panda, ambapo vijana watano wanacheza michezo ya nyumba na ya soko, na mama yeyote aliyekaa kwenye benchi anaweza kuwakatiza. Wa hesabu alikuja na bibi yake. Alipotajwa mwalimu asiyelipwa, huyo bibi alisimama akaongeza mambo ambayo bwana wake hakutaka tujue, na wachezaji wakangoja mupaka kicheko kiishe.

Kiingilio ni feza kidogo, munkoyo unauzwa pale penye mulango. Kama munakaa Kikula, tafuteni pikipiki ya kurudi mapema, maana kuraa ikikatika, mwenye pikipiki anapandisha bei.