Kosa la Stempu ni Mali, Kosa la Jina Langu ni Nauli

Kuna stempu za Zanzibar za mwaka 1895 zilizoandikwa "Zanzidar". Ndiyo, d badala ya b. Wakusanyaji wa stempu wanazisaka kweli kweli, na ukiziweka mbili kando kando, yenye kosa ndiyo ghali. Mara ya kwanza kusoma hilo nilicheka. Baadaye nikakasirika kidogo, na nitawaambia kwa nini. Lakini kwanza tuelewane kuhusu stempu, manake najua wengi wenu hamjawahi kulamba hata moja.

Mwaka huo posta ya Zanzibar ilikuwa imetoka mikononi mwa posta ya India na haikuwa na stempu zake. Basi zikachukuliwa stempu za India, zile zenye kichwa cha malkia Victoria, zikapelekwa kwa wachapaji wa Zanzibar Gazette zigongwe neno "Zanzibar" juu yake. Siku hizo herufi ni vipande vya chuma. Fundi anavipanga kwa mkono kimoja kimoja, na kila kipande kimechongwa kinyume, kama uso wako kwenye kioo. Hebu jaribu kutofautisha b na d hivyo, tena kwa haraka! Zipo pia zilizotoka "Zanibar", z ya pili imeyeyuka. Hata stempu za kwetu bara, zile za India zilizogongwa "British East Africa" kabla hatujaitwa Kenya, zilichapwa huko huko Zanzibar, nazo zikatoka na makosa yake.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Wajuzi hutenga makosa mafungu mawili. Kuna la bahati mbaya: wino umevuja, karatasi imekunjika, limetokea mara moja likaisha. Halafu kuna kosa lililokaa kwenye chuma chenyewe, kwenye sahani ya kuchapia au kwenye herufi zilizopangwa. Hilo linatokea kila karatasi, mahali pale pale. Ndiyo maana mjuzi haamui kwa stempu moja. Anatafuta ya pili, ya tatu, anazilinganisha kwa lensi. Likijirudia, anajua tatizo si karatasi, ni sahani.

Mfano ninaoupenda ni stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935, yenye jahazi la Ziwa Victoria. Kwenye sahani ya kwanza, kamba ya kushoto haikufika kwenye tanga. Jahazi linakwenda na kamba inaning'inia! Baadaye mchoro ukarekebishwa, kamba ikagusa tanga. Wakusanyaji wanatenganisha aina hizo mbili kwa huo uzi mmoja tu.

Haya, turudi Tarasaa. Mimi ni Jillo, l mbili. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Jillo. Karatasi niliyopewa na ofisi moja baadaye inasema Jilo. Herufi moja tu, lakini basari ilikwama, nikaambiwa nilete kiapo cha wakili, nikapanda boda mpaka Garsen mara tatu. Kila dirisha naambiwa ni "kosa dogo la uchapaji". Dogo kwa nani?

Nikaanza kuuliza wenzangu. Dhadho yuko mahali ameandikwa Dado. Mwingine baba yake ana tahajia moja, yeye ana nyingine, na wote ni damu moja. Hapo ndipo zile stempu zikanijia kichwani. Kosa likimpata mtu mmoja, sawa, wino umevuja. Likiwapata wengi wa upande mmoja, kwenye herufi zile zile, kwa majina ambayo karani hajayazoea, hiyo ni sahani jamani. Na kama sahani ya jahazi iliweza kurekebishwa kwa ajili ya kamba, hata hii inarekebishika. Inataka karani akuulize "unaandikaje?" na akupe usome kabla ya kupiga muhuri. Basi.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza, kama nyanya yako ana barua za zamani kwenye bati, usibandue stempu na usiziuze kwa mtu wa kwanza anayekuja na hela mkononi. Ziache kwenye bahasha zake na muhuri wake, uzitazame polepole. Na ukiuziwa wewe "Zanzidar", uwe mwangalifu, manake maandishi ya kugongwa juu ni rahisi kughushi na waghushi wamejaa.

La pili ni la usiku wa leo. Toa cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho, vipange mezani, usome jina lako herufi kwa herufi kama mjuzi wa stempu. Ukikuta tofauti, andika hapa chini jina lako sahihi na walivyoliandika wao. Tukusanye. Mmoja mmoja tutaambiwa ni bahati mbaya, tukiwa mia watalazimika kuangalia sahani.