Asali ya Bibi Jirani

Mume wangu alipowaletea watoto mbwa wa aina ya Chihuahua, mdogo kuliko paka, nilidhani kazi yake nayo itakuwa ndogo. Sikujua.

Tunaishi Mkunazini, katika Mji Mkongwe. Vichochoro ni vyembamba, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Siku moja mbwa alichomoka mlangoni akamlamba mguu Bibi wa nyumba ya pili, aliyekuwa amekwisha kutia udhu kwa sala ya Alasiri. Kwao mate ya mbwa ni najisi; ilimpasa aoshe mara saba, moja kwa udongo. Hakunigombeza. Alirudi ndani tu, nami nikaona aibu.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Tangu hapo mbwa hatoki ila nimempakata, wala hafiki kwenye baraza ya mtu.

Baadaye, asubuhi moja, nilimkuta anatetemeka, hawezi kusimama. Mbwa wadogo hivi, hasa wakiwa wachanga, wakishinda njaa hupungukiwa sukari mwilini upesi. Daktari wa mifugo alinieleza kwa simu nimpake asali kwenye ufizi. Sikuwa nayo. Mwanangu alipokimbilia dukani analia, Bibi alimwuliza kisa, kisha akateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Ndani mlikuwa na kikombe cha asali.

Mbwa alipona. Sasa anakula kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Nami kila ninapoomba, simsahau Bibi.